Kusawazisha maudhui ya CMS isiyo na sura na kanzidata ya ofisini: mwongozo kamili

CMS isiyo na sura ni mfumo wa kuandikia na kutunzia maudhui ambao hautengenezi kurasa za tovuti wenyewe. Hutoa maudhui kwa njia ya API, yaani mlango ambao programu moja huombea data kutoka kwa nyingine, kwa kawaida katika muundo wa JSON (maandishi yanayopanga data kwa majina na thamani zake), na kuiachia programu nyingine kazi ya kuyaonyesha. Contentful, Strapi na Sanity ni miongoni mwa mifumo ya aina hiyo inayotumika sana. Mpangilio huu hauna shida mahali ambapo mtandao uko imara, lakini wilayani Rungwe, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na ambako umeme au mtandao unaweza kupotea mchana kutwa, programu inayoiuliza API kila mara msomaji anapofungua makala haitadumu wiki moja kabla watumiaji hawajarudi kwenye makaratasi.

Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa viazi mviringo chenye ofisi Tukuyu. Wahariri wake wako Mbeya mjini na wanaandika miongozo ya kilimo katika Contentful, ilhali maafisa ugani wanaisoma kwenye vishikwambi vilivyounganishwa na kompyuta ndogo iliyoko ofisini. Lengo ni kwamba kompyuta hiyo iwe na nakala kamili ya maudhui katika kanzidata yake, iisasishe kila mtandao unapopatikana, na iendelee kuhudumia vishikwambi hata kama mtandao umepotea siku nzima.

Kuvuta data ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Uzito uko katika mambo mawili: kukumbuka kwa uhakika ulipoishia, na kutambua kilichoondolewa. Miradi mingi ya namna hii huharibikia kwenye jambo la pili, kwa sababu makala mpya isipofika watu hulalamika, lakini makala iliyofutwa ikiendelea kuonekana hakuna anayegundua.

Amua mwelekeo kabla ya kuandika msimbo

Maudhui yatoke kwenye CMS kwenda kwenye kanzidata, na yasirudi. Mtu asiruhusiwe kurekebisha makala ndani ya kanzidata ya Tukuyu, hata herufi moja, kwa sababu marekebisho hayo yatafutwa na usawazishaji unaofuata au, vibaya zaidi, yatabaki na kupingana na chanzo. Ikiwa maafisa ugani wanahitaji kuandika maoni au kuweka alama ya makala waliyokwisha kuisoma, taarifa hizo ziwekwe katika majedwali yao wenyewe yanayorejea kitambulisho cha makala, na programu ya usawazishaji isiyaguse kabisa.

Kuhusu kanzidata yenyewe, kwa kompyuta moja yenye programu moja inayoandika, SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja, inatosha, na napendekeza usianze na kitu kikubwa zaidi. Hakikisha toleo lake ni 3.24.0 la mwaka 2018 au jipya zaidi, kwa kuwa ndilo lililoleta amri ya kuweka-au-kusasisha tutakayoitegemea. PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5, na mifano iliyo hapa chini itahitaji mabadiliko madogo tu.

Majedwali

Kishawishi cha kwanza ni kuunda jedwali lenye safu kwa kila sehemu ya fomu ya mhariri: kichwa, muhtasari, zao, kipimo cha dawa, na kadhalika. Usianzie hapo. Wahariri hubadilisha fomu zao mara kwa mara, na kila badiliko litakulazimisha kupakua upya maudhui yote. Tunza kwanza JSON kama ilivyofika, kisha uzalishe majedwali ya kusomea kutoka kwenye JSON hiyo. Fomu ikibadilika, utayajenga upya majedwali ya kusomea hapohapo Tukuyu bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando.

```sql
CREATE TABLE maingizo (
  jamii       TEXT NOT NULL,
  id          TEXT NOT NULL,
  json        TEXT NOT NULL,
  imesasishwa TEXT NOT NULL,
  imefutwa    INTEGER NOT NULL DEFAULT 0,
  PRIMARY KEY (jamii, id)
);

CREATE TABLE alama (
  jina   TEXT PRIMARY KEY,
  kiungo TEXT NOT NULL
);
```

Ufunguo mkuu una safu mbili kwa sababu katika Contentful makala na picha ni jamii mbili tofauti, na hakuna sababu ya kuamini kwamba vitambulisho vyake havitafanana kamwe. Jedwali la `alama` hukumbuka usawazishaji ulipoishia; litakuwa na mstari mmoja tu, nao ndio mstari muhimu kuliko yote katika kanzidata hii.

Usiweke ufunguo wa kigeni (sharti la kanzidata kwamba kinachorejewa lazima kiwepo) kati ya ingizo na ingizo, yaani kati ya kipande kimoja cha maudhui na kingine, katika jedwali la maingizo. API ya usawazishaji ya Contentful haileti ingizo likiwa limebeba ndani yake maingizo linayoyarejea, bali huleta kitambulisho tu, na ingizo linalorejewa linaweza kufika katika ukurasa unaofuata au lisifike kabisa ikiwa bado ni rasimu. Makala ya ukungu wa viazi inaweza kufika kabla ya ingizo la dawa inayotajwa ndani yake. Uhusiano huo uunganishwe wakati wa kusoma, na programu ya kuonyesha iwe tayari kukuta kwamba upande mmoja haupo.

Upakuaji wa mara ya kwanza

Tumia ufunguo wa API ya usambazaji, si ule wa kutazamia rasimu, ili makala ambazo hazijaidhinishwa zisivuje hadi mashambani. Ufunguo huo utumwe katika kichwa cha ombi na utunzwe nje ya msimbo, kwenye faili ambalo mtumiaji wa mfumo peke yake anaweza kulisoma. Ombi la kwanza huenda kwenye anwani hii:

```
https://cdn.contentful.com/spaces/KITAMBULISHO/environments/master/sync?initial=true
```

Jibu huja likiwa na orodha ya vitu pamoja na kiungo kimoja kati ya viwili. Kikiwa ni `nextPageUrl`, kurasa bado zipo na unapaswa kuendelea. Kikiwa ni `nextSyncUrl`, umefika mwisho, na kiungo hicho ndicho utakachokitumia safari ijayo ili kuletewa mabadiliko peke yake. Mzunguko mzima katika Python ni mfupi:

```python
def sawazisha(db, kiungo):
    while True:
        jibu = omba(kiungo)
        with db:
            for kitu in jibu["items"]:
                weka(db, kitu)
            kiungo = jibu.get("nextPageUrl") or jibu["nextSyncUrl"]
            hifadhi_alama(db, kiungo)
        if "nextSyncUrl" in jibu:
            return
```

Mistari iliyo chini ya `with db` ndiyo inayobeba mfumo wote. Data na alama vinaandikwa ndani ya muamala mmoja: ama vyote viwili vinaingia, ama hakuna kinachoingia. Ukiandika alama kwanza kisha umeme ukakatika kabla data haijaingia, utakuwa umeruka mabadiliko ambayo API haitakuletea tena, wala hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuambia. Ukiandika data kwanza na alama baadaye katika muamala tofauti, hasara ni ndogo zaidi, kwani utarudia tu kazi ambayo tayari imefanyika. Hata hivyo hakuna sababu ya kukubali hasara hiyo ilhali muamala mmoja unatosha. Kwa sababu hiyohiyo alama isitunzwe katika faili la pembeni. Ikae ndani ya kanzidata ileile, ili mtu akirejesha nakala ya akiba ya wiki iliyopita, alama nayo irudi wiki iliyopita na usawazishaji uanzie mahali panapolingana na data iliyopo.

Angalia pia kwamba muamala unafungwa kila ukurasa, si mwisho wa safari nzima. Wapo wanaopendelea muamala mmoja mkubwa ili msomaji asikutane na data nusunusu, na kwenye mtandao imara ningekubaliana nao. Kwenye laini inayokatika kila baada ya dakika chache, muamala mmoja mkubwa maana yake ni kuanza upya kila inapokatika, huku bando likiisha bila kazi kukamilika. Tatizo la data nusunusu litatuliwe kwa njia nyingine: katika upakuaji wa kwanza, usivifungulie vishikwambi huduma hadi `nextSyncUrl` ya kwanza iandikwe.

Kazi `weka` iliyoitwa katika msimbo huo hutumia amri ifuatayo kwa kila kitu kilichochapishwa:

```sql
INSERT INTO maingizo (jamii, id, json, imesasishwa, imefutwa)
VALUES (:jamii, :id, :json, :imesasishwa, 0)
ON CONFLICT (jamii, id) DO UPDATE SET
  json        = excluded.json,
  imesasishwa = excluded.imesasishwa,
  imefutwa    = 0
WHERE excluded.imesasishwa >= maingizo.imesasishwa;
```

Sharti la mwisho linazuia nakala ya zamani kuifunika mpya, na kwa kuwa amri hii ikirudiwa mara kumi matokeo yake ni yaleyale, huna haja ya kuogopa kurudia ukurasa. Tarehe zinalinganishwa kama maandishi, jambo linalowezekana kwa sababu zote huja katika mpangilio mmoja na katika saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Zibaki hivyo ndani ya kanzidata.

Jambo moja kuhusu lugha: API ya usawazishaji huleta lugha zote kwa pamoja, kila sehemu ikiwa na thamani yake chini ya msimbo wa lugha husika, na lugha ambayo mhariri hakuijaza haionekani kabisa ndani ya JSON. Programu inayochukulia kwamba Kiswahili kipo katika kila sehemu itaanguka kwenye makala ya kwanza iliyosahauliwa.

Kilichoondolewa

Tuseme mhariri ameandika kipimo cha dawa ya ukungu kwa pampu ya lita 16, kisha mtaalamu akabaini kwamba kipimo hicho si sahihi, na makala ikaondolewa mara moja kwenye CMS. Kama usawazishaji wako unajua kuongeza na kubadilisha tu, makala hiyo itabaki Tukuyu milele, nayo itaonekana halali kama nyingine zote. Mkulima atapewa kipimo kibaya na chombo kilichojengwa ili kumpa kipimo sahihi.

Contentful hurahisisha jambo hili. Ingizo likifutwa au likiondolewa kwenye uchapishaji, API ya usawazishaji hukuletea kitu chenye aina ya `DeletedEntry`, na kwa picha `DeletedAsset`, ikiwa na kitambulisho lakini bila maudhui. Ondoa neno `Deleted` ili kupata jamii, kisha uweke `imefutwa = 1` na usogeze tarehe ya `imesasishwa`. Napendelea kuweka alama kuliko kufuta mstari moja kwa moja, kwa sababu siku mtu atakapouliza makala fulani imekwenda wapi, jibu litakuwepo. Makala ikichapishwa upya, amri ya hapo juu itairudisha yenyewe.

Strapi haina huduma ya namna hiyo katika API yake ya kawaida. Ukiiomba maingizo yaliyobadilika tangu muda fulani, kilichofutwa hakimo kwenye jibu, kwa kuwa hakipo tena. Dawa yake ni ukaguzi wa usiku: vuta orodha ya vitambulisho vyote vilivyochapishwa, bila maudhui yake, uiweke katika jedwali la muda, kisha:

```sql
UPDATE maingizo SET imefutwa = 1
WHERE jamii = 'Entry' AND imefutwa = 0
  AND id NOT IN (SELECT id FROM orodha_ya_leo);
```

Amri hii ni hatari, na inahitaji ulinzi wa pande tatu. Kwanza, isiendeshwe kabla kurasa zote za orodha hazijafika. Orodha iliyokatikia katikati itaondoa nusu ya maudhui yako. Pili, weka kikomo: ikiwa zaidi ya moja ya tano ya maingizo yanakaribia kuondolewa kwa mkupuo, programu isimame na kusubiri idhini ya binadamu, kwani mara nyingi hiyo ni dalili ya ufunguo wa API uliopunguziwa ruhusa na si ya mhariri mwenye bidii. Tatu, ukaguzi na usawazishaji wa kawaida visiende kwa wakati mmoja, la sivyo makala iliyochapishwa baada ya orodha kuvutwa itahesabiwa kuwa imefutwa. Safu ya `id` katika jedwali la muda iwe `NOT NULL` pia, maana thamani moja tupu ndani ya `NOT IN` huifanya amri nzima isiguse mstari wowote, na utadhani ukaguzi unafanya kazi.

CMS isiyo na API ya usawazishaji

Kwa Strapi na nyingine zinazofanana nayo, alama yako itakuwa tarehe ya badiliko la mwisho uliloliona:

```
/api/makala?filters[updatedAt][$gte]=2025-03-14T05:00:00.000Z
  &sort[0]=updatedAt:asc&pagination[pageSize]=100
```

(Anwani imekatwa mistari miwili ili isomeke.) Strapi isipoelekezwa vinginevyo hurudisha maingizo 25 tu kwa ukurasa, na kikomo chake cha kawaida ni 100, kwa hiyo usidhani kwamba ukurasa wa kwanza ndio maudhui yote.

Tarehe ya alama itoke kwenye data iliyoletwa, kamwe isitoke kwenye saa ya kompyuta yako. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukikatika na kurudi huku mtandao ukiwa bado haujapatikana, huanza kazi ikiwa na muda wa zamani. Saa hiyo ikiwa nyuma sana, hata vyeti vya usalama vya HTTPS vitakataliwa na utatafuta kosa mahali ambapo halipo. Ongeza moduli ya saa yenye betri, au uielekeze huduma ya usawazishaji isubiri hadi saa ya mfumo irekebishwe.

Tumia `$gte` (sawa na tarehe hiyo au baada yake) badala ya `$gt` (baada yake tu), na urudi nyuma dakika chache kutoka kwenye alama, kwani maingizo mawili yanaweza kuwa na muda uleule na moja likawa limeandikwa baada ya wewe kupita. Kurudia hakuna madhara, kama tulivyoona. Badala ya kusonga kwa namba za kurasa, kila ombi jipya lianzie kwenye tarehe ya mwisho ya ombi lililotangulia. Ukitumia namba, ingizo likisasishwa wakati unaendelea litahamia mwisho wa orodha, mengine yatasogea mbele nafasi moja, na mojawapo litakupita. Isipokuwa ukurasa mzima uwe na tarehe moja, jambo linalotokea wahariri wanapoingiza makala nyingi kwa pamoja: hapo itabidi uvuke kwa namba ya ukurasa, vinginevyo utazunguka palepale.

Kumbuka pia kwamba ingizo likibadilika, tarehe ya makala inayolirejea haibadiliki. Kwa hiyo kila aina ya maudhui ivutwe kwa alama yake yenyewe.

Picha

Picha zisipakuliwe ndani ya muamala. Usawazishaji uandike tu kwenye jedwali la foleni kwamba picha fulani inahitajika, na programu nyingine iishughulikie foleni hiyo taratibu. Anwani za picha za Contentful huanza na mikwaju miwili bila `https:`, hivyo iongeze mwenyewe. Unaweza pia kuomba picha iliyopunguzwa kwa kuongeza `?w=800&fm=webp&q=70`, na kwa kishikwambi hilo linatosha kabisa kuonyesha madoa ya ukungu kwenye jani. Pakua kwenye faili la muda, na ulipe jina lake halisi baada ya kukamilika tu.

Ratiba na hitilafu

Mifumo hii inaweza pia kukutumia taarifa mara tu mhariri anapochapisha, lakini kompyuta ya Tukuyu iliyo nyuma ya laini ya simu kwa kawaida haina anwani ya umma inayoweza kufikiwa kutoka nje. Hata ingekuwa nayo, taarifa iliyotumwa wakati umeme haupo inaweza kupotea. Uichukulie kama kengele ya kukuharakisha, na usawazishaji wa kuvuta ubaki kuwa msingi, ukianzishwa kila dakika kumi na tano na cron, ratiba ya kazi ya Linux:

```
*/15 * * * * flock -n /tmp/sawazisha.lock /opt/maudhui/sawazisha.sh
```

`flock` huzuia mzunguko wa pili kuanza kabla wa kwanza haujamalizika, na ukaguzi wa usiku utumie kufuli hilohilo. Washa hali ya WAL katika SQLite (mabadiliko huandikwa kwanza katika faili la pembeni) ili vishikwambi viendelee kusoma wakati programu inaandika.

Kila ombi liwe na kikomo cha muda. Bila hicho, laini iliyokufa kimyakimya itaishikilia programu hadi asubuhi. Jibu la 429 maana yake umeomba kwa kasi mno: subiri, kisha uongeze muda wa kusubiri maradufu kila linapojirudia. Makosa ya 500 na kuendelea yapewe subira hiyohiyo. Jibu la 401 halihitaji subira bali mtu, kwa kuwa ufunguo umebadilishwa au umefutwa. Ikiwa alama yenyewe inakataliwa kwa 400, anza upya na `initial=true` juu ya data iliyopo, kisha uweke `imefutwa` kwa kila ingizo ambalo halikujitokeza katika upakuaji huo, kwa ulinzi uleule wa ukaguzi wa usiku.

Kupima kabla ya kukabidhi

Endesha usawazishaji mara mbili mfululizo na uhakikishe mara ya pili hakuna mstari uliobadilika. Chomoa waya wa mtandao katikati ya upakuaji, kisha chomoa umeme wenyewe, na baada ya kila jaribio ulinganishe idadi ya maingizo yasiyofutwa na idadi iliyochapishwa kwenye CMS. Mwombe mhariri aondoe makala moja kwenye uchapishaji, nawe uangalie kama inatoweka kwenye kishikwambi ndani ya dakika kumi na tano. Kisha airudishe, uangalie tena.

Mwisho, kila kishikwambi kionyeshe juu ya skrini muda wa usawazishaji wa mwisho uliofanikiwa hadi mwisho, si wa mwisho kujaribiwa. Hapa ndipo UTC igeuzwe: `05:20Z` ni saa 8:20 kwa Afrika Mashariki, na afisa ugani aandikiwe «saa 2:20 asubuhi» kama anavyosema mwenyewe. Ikipita siku mbili bila mafanikio, maandishi hayo yawe mekundu, na makala zote zinazotaja vipimo vya dawa ziweke juu yake onyo la kumtaka afisa apige simu ofisi ya Mbeya kabla ya kumshauri mkulima.